Hatua Ishirini na Mbili

Kutoka wodi ya watoto wa saratani hadi chumba cha mahututi ni hatua ishirini na mbili. Bibi alizihesabu mwenyewe asubuhi, alipokwenda kuomba maji ya moto.

Saa nne daktari wa wodi alikubali mjukuu wa bibi ahamishiwe huko. Mtoto alikuwa na miaka saba, na kwa kusema sana wodi nzima ilimwita Kasuku. Siku hiyo, kila baada ya maneno mawili alitafuta pumzi.

Msukuma vitanda alifunga mitungi miwili ya oksijeni, akatazama miguu ya bibi.

"Ndala hizo, bibi? Vaa viatu. Kwa watoto wa wodi hii korido hurefuka."

"Kiasi gani?"

"Juzi tulitembea kwa muda wa saa tatu. Yule wa Jumatatu hatukufika naye."

Nesi akawapa chupa ya maji. "Mkiliona benchi la kijani, ni nusu."

Bibi akabadili ndala kwa viatu, wakaondoka. Majeruhi wa pikipiki alisukumwa akawapita, mlango ukamfungukia, akaingia. Bibi alikuwa hajamaliza hata Baba Yetu moja.

Walipita tangazo la kunawa mikono, wakalipita tena, na tena. Bibi alisali huku ameshika ukingo wa kitanda.

"Mjomba," Kasuku alisema, akapumua. "Gari lako... halina gia?"

"Linazo, bosi. Ila inayofanya kazi ni ya kurudi nyuma."

Kasuku akacheka kidogo. Bibi akamwambia anyamaze, aitunze pumzi.

Mtungi wa kwanza uliisha saa saba, kwenye benchi la kijani. Wa pili uliisha mlango ukionekana, mdogo kama kiberiti. Bibi akavua viatu, akambeba mtoto kifuani, akakimbia. Mlango ulikuja kwa mwendo wake uleule wa polepole.

Daktari wa mahututi alifungua. Nyuma yake kitanda kilikuwa kimetandikwa tangu saa nne. Akagusa shingo ya mtoto, akatazama saa, akaandika. Bibi aliishia shule ya msingi, lakini mwandiko ule aliusoma vizuri: *Amecheleweshwa kuletwa.*

"Tumetoka saa nne, mwanangu."

"Najua, bibi. Fomu haina mahali pa korido."

Msukuma vitanda, aliyekuwa amewafuata, akageuza kitanda chake, wakamlaza Kasuku na kumfunika hadi usoni. Kurudi ilikuwa hatua ishirini na mbili. Mlangoni mwa wodi, mama wa mtoto mwingine alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu.