Bibi Verna Nyuma ya Lori

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: hayo ni ya kwenu. Kwenye bonde la viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari kiwandani, mgeni hupewa jembe kabla hajashuka garini, na neno la karibu hulisikia siku ya tatu, kama bado yupo.

Mimi na bibi yangu Verna tulipofika Dakota Kaskazini na karavani yetu, nyumba ya kukokotwa na gari, kofia ngumu na vizibao vya rangi ya chungwa vilikuwa vimetundikwa langoni vikitusubiri. Sharti lilikuwa moja: nafasi ya kuegesha, na maji na umeme wake, ni ya wafanyakazi wawili. Mmoja akishindwa mafunzo, wote mnafunga virago. Na bibi amepita sabini.

Gaylen, msimamizi, alimtazama kuanzia buti hadi mvi.

"Mama, kule kwenye mtambo kuna vumbi na baridi."

"Na wewe una kitambi," bibi akamjibu, "lakini sijakukataza kazi."

Gaylen akacheka, akampa kazi ya sampuli: lori likimwaga, yeye anakinga mfuko, anaufunga, anautia lebo. Mimi nikapewa kuongoza malori. Mtambo ule wa kurundika viazi ukinguruma husikii hata mawazo yako, kwa hiyo dereva hurudi nyuma kwa kufuata mikono ya mtu. Njoo. Polepole. Kushoto. Mikono ikipishana juu ya kichwa, kila kitu kinasimama.

Jioni tulifanya mazoezi ndani ya karavani. Mfuniko wa sufuria ndio uliokuwa usukani wa bibi, akija kinyumenyume kutoka kitandani.

"Umenigongesha friji, wee mtoto! Unaongoza lori au unafukuza nzi?"

"Dereva mwenyewe haangalii kioo."

"Dereva ana njaa. Pasha ile rojo ya soseji."

Tukazoea hata kula kwa mikono hiyo: chumvi njoo, redio simama.

Siku ya mwisho ya mafunzo jua lilichomoza kwa hasira. Viazi vikishika joto huozea kwenye rundo, na kazi husimamishwa. Kwa hiyo wakulima walikimbizana kumwaga mapema, foleni ya malori ikafika barabara kuu. Nilikuwa nikimrudisha nyuma dereva mmoja, Curtis, upepo ulipoupeperusha mfuko wa bibi. Bibi akaufuata. Lori likaingia kati yetu, nikampoteza.

Nikapishanisha mikono juu ya kichwa.

Mtambo ukanyamaza. Foleni nzima ikapiga honi. Bibi akatokea upande wa pili, mbali kabisa na magurudumu, anafunga mfuko wake taratibu.

Curtis akatoa kichwa nje. "Dada, jua linapanda! Umesimamishia nini?"

"Sikumwona bibi yangu."

"Si huyo hapo!"

"Sasa ndiyo namwona. Rudi nyuma."

Bibi hakunitazama mpaka mapumziko, tulipoingia karavani.

"Umenianika mbele ya watu," akasema. "Sasa Gaylen atasema kikongwe anahitaji yaya. Tutaondoka hapa kwa sababu yako." Akachukua yai la kuchemsha, akaanza kulimenya.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Gaylen, na vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama Verna, mifuko yako haina kasoro. Kesho alfajiri, wote wawili." Akanigeukia. "Curtis amenuna. Mwache anune. Usipomwona mwenzako, unasimamisha. Ndivyo tulivyowafundisha. Karibuni bondeni."

Bibi alingoja mlango ufungwe. Kisha akaweka yai chini, akainua mkono: njoo. Nikasogea. Polepole. Kushoto kidogo. Nilipofika magotini pake akapishanisha mikono juu ya mvi zake, nikasimama.

"Kazi tumepata," akasema, akijitahidi asicheke. "Lakini aibu niliyoipata ni yangu. Haya, niombe radhi."

"Siombi, bibi. Kesho nikikupoteza tena, nasimamisha tena, hata jua liwe utosini. Radhi siombi."