Kinda Aliyesubiri Kuitwa

Asubuhi ile Mdakaji aliangusha kikombe cha chai, na mdogo wake akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Kaka, leo ukinidaka hivyo tutazikana," alisema, huku akiokota vipande.

Mdakaji naye alicheka, kicheko cha mtu anayedaiwa deni. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi tangu majira ya mvua, na sasa cha tatu kilikuwa kinavifuata. Hakuwa amemwambia mtu. Alivifunga plasta, akavipaka unga wa chaki, akajikaza kisabuni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakuijua kazi ya Mdakaji. Huku mgonjwa ni mmoja na wa kufa ni mwingine.

Huyo mwingine ndiye mdogo wake, ambaye kundi zima la sarakasi lilimwita Kinda. Wazazi wao walipofariki alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Mdakaji ndiye aliyemlea, akamsuka nywele vibaya, akamfundisha kuruka. Mchezo wao ulikuwa hadithi ya ndege: kinda kipofu amebaki peke yake kiotani, na ndege mkubwa anamwita kutoka ng'ambo. Kinda alisimama juu karibu na paa la hema, kitambaa machoni, bembea mikononi. Ng'ambo, Mdakaji alining'inia kichwa chini kwenye bembea yake. Akiona wakati umefika, aliita, "Njoo." Kinda akaruka.

Hilo lilikuwa sharti walilolirithi kwa baba yao: anayeruka haamui, anayeamua ni anayedaka. Mdakaji akinyamaza, hakuna kuruka. Na mdakaji aliyenyamaza mbele ya watu hapandi tena. Haulizwi kitu wala hasutwi, anashuka na kuvua mavazi ya kazi. Ni sharti kali, lakini halikutungwa na wajinga. Wavu ulikuwepo chini, ila wavu humfaa anayeanguka moja kwa moja chini. Anayeponyoka mikononi katikati ya kasi hutupwa nje ya wavu. Shangazi yao alitupwa nje, na tangu siku hiyo anakata tiketi mlangoni akiwa ameketi.

Alasiri hema lilijaa familia, watoto wadogo wamebebwa mabegani. Mdakaji alipanda, akaning'inia, akajaribu kukunja ngumi ya kushoto. Vidole vitatu vilibaki vimenyooka kama vya maiti. Jana alimshika Kinda kwa mkono mmoja na bahati, na bahati haina ndugu. Alipenda kazi ile kuliko chakula. Hata hivyo, pale juu, damu yote imemshuka kichwani, alipiga moyo konde akaamua kunyamaza. Alijua kwamba akishuka hapo hatapanda tena, na iliuma.

Ngoma ilipigwa, ikakoma. Kinda alingoja. Mdakaji alifunga mdomo.

Hapo mtoto mmoja, ambaye bila shaka alikuwa ameuona mchezo jana, akapaza sauti, "Njoo!" Watu wakacheka. Mwingine akadakia, na mwingine, na wazazi nao wakajiunga, mpaka hema zima likawa linaita, "Njoo! Njoo!" Katika kelele zile nani angesikia ukimya wa mtu mmoja? Kinda aligeuza kichwa huku na huku. Kisha akatabasamu, kana kwamba ameitambua sauti aliyokuwa akiitafuta, akakunja magoti.

Mdakaji alikuwa amejipangia kuondoka kimyakimya, kwa heshima. Heshima ikamtoka.

"Usije!" alipiga kelele. "Usije, mdogo wangu! Sitaweza kukushika, mkono umekufa!"

Hema likatulia. Watoto wachache walicheka wakidhani ni sehemu ya hadithi. Kinda alifungua kitambaa, akamtazama kaka yake, kisha akashuka kwa ngazi. Mchekeshaji aliingia mbio na suruali yake pana, akajikwaa kwa makusudi, na watu wakasahau.

Nyuma ya pazia Kinda aliushika ule mkono, akaanza kubandua plasta.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na siku zote hizo umekuwa ukiniita."

"Niliogopa kushuka."

"Na mimi je, kaka? Mimi ningeshukaje?"

Kinda aliegemeza uso kwenye kile kiganja kisichosikia, akalia kwa kwikwi.

Kabla mvua nyingine haijaanza, binamu yao alikuwa amepanda bembea ya Mdakaji. Kijana wa watu alikuwa na mikono mizuri, hata shangazi alisema hivyo, na shangazi hasifu ovyo. Siku ya mazoezi aliita, "Njoo." Kinda hakuruka. Akaita tena. Kinda alisimama juu, kitambaa machoni, miguu imegoma.

Mdakaji alikuwa chini kando ya wavu, na malapa miguuni. Wote waligeuka kumtazama yeye. Alielewa. Sauti yake ilikuwa bado imemshikilia Kinda, hata kama mikono haikuweza tena. Uchungu ulikuwemo, na wivu pia, tusidanganyane.

"Nenda," alisema.

Kinda aliinamisha uso uliofungwa upande wake, kama anayeuliza.

"Nenda, mama. Huyu anaweza. Mimi nimekwisha."

Binamu akaita. Kinda akaruka, akazunguka hewani, na mikono miwili mizima ikamdaka. Kundi lote likashangilia. Mdakaji naye alipiga makofi, mkono mmoja tu ukisikia, kisha akatoka nje ya hema akalie vizuri.