Kwetu Kila Siku Jumanne

Kompyuta ya maabara yetu ya udongo ilikuwa haijaiona Jumatano kwa miaka mingi. Kila asubuhi, kabla sijashusha hata mkoba begani, niliiwasha na kuirudisha kwenye Jumanne moja ya zamani, ile ile, ndipo ikakubali kufanya kazi. Programu iliyosoma vipimo kutoka kwenye mashine ya madini ilikuja na kibali chenye kikomo, walioitengeneza wakafunga duka, na kibali kikafa. Jirani ndiye aliyegundua dawa: idanganye kompyuta kwamba kibali bado kiko hai. Ikadanganyika. Tangu hapo tukawa na utani wetu, kwamba kwa wengine siku zinakwenda, kwetu kila siku Jumanne.

Hakuwa jirani wa nyumbani. Nilimwita hivyo kwa kuwa meza zetu zilipakana, naye akiniita dada, ingawa alinizidi umri na mvi. Mimi nikishika kazi nasahau tumbo. Siku moja kizunguzungu kilinikamata mbele ya tanuri la kukaushia, nikamwaga trei nzima ya sampuli za watu. Jirani hakunisema. Alikaa kwenye kompyuta, akagongagonga kidogo, na saa nne asubuhi ujumbe ukaruka katikati ya skrini, juu ya hesabu zangu: "Wewe, inuka. Chai. Usijifanye mashine." Naye amekaa pale pale, angenyoosha mkono angenigusa, lakini anatazama dirishani kama hahusiki. Aliutega kwa Jumanne ile tu. Kwa kuwa kwetu kila siku ilikuwa Jumanne ile, ulikuja kila siku.

Kisha Jirani akaugua, akalazwa, akafa.

Waliorithi meza yake ni maboksi ya udongo. Mtu wa kuziba nafasi hakuletwa. Bosi alisema tuvumilie, na huo wingi wake ulinikera, maana chumbani tulikuwa mimi na tanuri. Nyumbani nako watoto wameshaenda zao, sufuria ndogo inatosha. Nilikuwa mpweke, sina haja ya kulizungusha neno. Zilikuwapo siku ambazo maneno yale ya saa nne ndiyo pekee niliyoambiwa tangu naamka mpaka nalala.

Basi makao makuu wakaleta programu mpya ya kusoma vipimo vya mashine ile ile. Agizo lilikuwa fupi: kila maabara iisakinishe na kutuma majibu kwa njia hiyo kufikia Ijumaa. Itakayoshindwa, mashine yake itahamishwa na chumba kitafungwa. Bosi alinipa diski na namba ya simu ya fundi wa huko, akaondoka haraka kama mtu aliyeacha maji motoni.

Nilijaribu mwenyewe kwanza. Programu ilijipakua polepole hadi ikakaribia mwisho, halafu ikagoma na kuandika mistari miwili. Wa kwanza ulisema usakinishaji umeshindikana. Wa pili ulisema cheti cha usalama bado hakijaanza kutumika. Nilielewa papo hapo. Programu ilizaliwa juzi, nami naiingiza kwenye Jumanne ya enzi hizo. Ilitaka tarehe ya kweli, na ingeitaka kila siku, si siku ya kusakinisha tu. Tarehe ya kweli haikuwa na Jirani.

Nikampigia fundi, nikamsomea mstari wa kwanza. Wa pili nikaumeza.

Maskini, alihangaika. Aliniambia niifute programu ya zamani, nikakataa, akasema basi tuiache. Aliniagiza nizime kinga ya virusi, nikazima. Nifungue folda ya muda na kufuta kila kilichomo, nikafuta. Nizime, nichomoe waya, nihesabu pole pole, niwashe. Kila nilipowasha niliirudisha Jumanne kwa mazoea, mkono wenyewe tu, na kila mara tukagonga ukuta ule ule. Alitaka kuingia kwenye kompyuta yangu kwa mtandao aone mwenyewe. Hiyo nayo ikakataa, kwa sababu ile ile ambayo sikuisema. Nilipoguna guno la kukata tamaa, lilikuwa la uongo nusu na la kweli nusu.

Wakati tukisubiri programu ijipakue na kugoma, tulizungumza. Chumba chake hakikuwa na dirisha, kilijaa kompyuta kubwa zinazovuma, nami nilizisikia. Nilimsikia pia akitafuna biskuti kavu. Nilimuuliza kama ndicho chakula chake, akasema ndicho kilicho karibu. Watu humpigia kitu kikiharibika, akasema, na kikipona wanakata simu kabla hajamaliza kusema karibu. Alisema bila kulalamika, kama mtu anayekutajia namba yake ya viatu.

Alhamisi asubuhi alinipigia yeye. Alikuwa ameliwaza jambo langu njia nzima.

"Mama, hapo chini kulia kwenye skrini, saa inasemaje?"

"Saa tatu na nusu."

"Na tarehe?"

Nilitazama maboksi juu ya meza ya Jirani. Ningeweza kumdanganya tena. Lakini mtu huyu alikuwa ameshughulika nami wiki nzima, na uongo ulikuwa umeanza kunichosha kuliko ukweli.

"Jumanne," nikasema.

"Mama, leo Alhamisi."

"Hapa ni Jumanne."

Nikamweleza yote: kibali, utani wetu, kizunguzungu, ujumbe. Nilieleza kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye mwenye makosa, maana nikilegea nitalia. Nilingoja acheke, au anisomee kanuni. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema naweza kuupiga picha ujumbe wenyewe nikae nao. Nikamwambia picha haiji yenyewe saa nne. Akasema hilo ni kweli.

"Siwezi kukulazimisha uibadilishe," akasema. "Ila usipoibadilisha, wataibeba kompyuta yenyewe. Kwa hiyo ujumbe utaondoka tu, mama, na wewe na chumba chako mtaondoka nao."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa amesema nilichokuwa nakikwepa tangu diski ilipotua mezani.

Nilimwomba tusubiri saa nne ipite. Akakubali, ingawa simu zake nyingine zilikuwa zikilia nyuma. Tulikaa hivyo, kila mmoja na upande wake wa waya. Dakika ilipobadilika, ujumbe ukaruka kama ilivyo desturi yake, bila kujua lolote. Nilimsomea fundi kwa sauti, neno kwa neno. Kisha nikainuka kweli, nikamimina chai kutoka kwenye chupa, nikainywa yote nimesimama, maana nilikuwa nimeagizwa. Nikakaa, nikafungua pale pa saa, nikaipa kompyuta Alhamisi.

Programu ilijisakinisha kama maji. Haikugoma popote. Fundi akasema imekaa, nikamshukuru, na kwa mara ya kwanza nikangoja mpaka amalize kusema karibu.

Ijumaa nilituma majibu yote. Bosi alichungulia mlangoni, akasema safi sana, akaondoka. Chumba hakitafungwa, mashine haiendi popote, mimi nipo. Niliposogea kutazama saa kwenye kona ya skrini ilikuwa karibu saa nne, nikaacha kila kitu, nikaweka mikono mapajani.

Saa nne ikafika. Hesabu zikabaki mbele yangu, safi, hakuna kilichozifunika. Nikangoja zaidi, eti labda saa za Alhamisi na Ijumaa zinachelewa. Tanuri likalia kuwa sampuli zimekauka. Hakuna aliyeniambia niinuke. Nililia pale, si kwa kelele, nikiwa na lebo ya sampuli ya mtu bado imening'inia kwenye kidole.

Ningeweza kuutega ujumbe upya mwenyewe, najua pa kubonyeza. Lakini hiyo ni kujitekenya mwenyewe na kucheka mwenyewe. Nilijipangusa uso kwa mkono wa koti, nikachukua simu nikapiga.

Alipokea mara moja. Nyuma yake zile kompyuta zilivuma vile vile, na mdomoni mwake mlikuwa na biskuti.

"Kimeharibika nini, mama?"

"Hakuna kilichoharibika," nikasema. "Wewe, inuka. Chai. Usijifanye mashine."

Kutafuna kukakoma. Nilidhani amekata. Halafu, katikati ya mvumo ule, nikasikia kiti kikisogezwa nyuma.