Alhamisi za Mama Hilda

Arlys Kuhlmann alikuwa ameingoja safari ile tangu nywele zake zikiwa bado na rangi ya mahindi. Kila majira ya baridi, theluji ilipofunika malisho ya Nebraska na ng'ombe wakaanza kusimama wakiupa upepo mgongo, alimwambia mumewe Verlin kwamba ipo siku wataiacha baridi hiyo iwatafune wengine. Verlin alikuwa akiitikia tu. Lakini mwaka alipouza ng'ombe wake wa mwisho, alirudi nyumbani akiendesha gari-nyumba la mtumba, refu kama basi la shule, lenye vitanda, jiko, choo na televisheni ndani yake. Arlys alilizunguka, akaingia, akaketi kwenye kimeza chake, akalia kidogo kwa raha.

Kilichoharibu mambo ni dishi.

Nyumba yao ilikuwa peke yake katikati ya vilima vya mchanga, mahali ambapo waya wa intaneti haujawahi kufika wala hakuna aliyetarajia ufike. Kwa miaka mingi televisheni yao ilikuwa na chaneli moja na nusu, na ile nusu ilionekana upepo ukitulia. Kisha Verlin akaagiza intaneti ya setilaiti. Dishi lilikuja ndani ya boksi, bapa kama sinia, akalifunga juu ya paa la banda la trekta, na tangu siku hiyo dunia nzima ikamiminika sebuleni kwao.

Aliyefaidi kuliko wote ni Mama Hilda, mama yake Verlin, ajuza wa miaka tisini na ushei aliyeishi nao tangu alipovunjika nyonga. Mama Hilda hakuwa mtu wa maneno. Kwa mkwewe Arlys maneno yake yalikuwa machache zaidi, na mengi kati ya hayo yalihusu chumvi ya mapishi yake. Lakini katika kubonyezabonyeza rimoti aliangukia tamthilia ya Kituruki, ya binti wa fundi cherehani aitwaye Zeliha, aliyependana na mrithi wa kiwanda cha mazulia. Kisha mrithi akapata ajali na kumsahau kabisa. Sehemu mpya ilitoka kila Alhamisi. Mama Hilda hakujua neno hata moja la Kituruki. Alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akawa anasoma maandishi yaliyopita chini ya kioo, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kuwasha mashine ya kufulia.

Mpango wa safari ulikuwa huu: Darlene, mpwa wake Verlin, angehamia pale nyumbani kukaa na bibi, na dishi lingesafiri na gari. Verlin hakuweza kuishi bila mechi zake, na Arlys hakutaka kukaa jangwani miezi yote bila kuziona sura za wajukuu. Kuagiza dishi la pili hakukuwezekana. Kampuni ilisema eneo lao limejaa, wasubiri hadi theluji iyeyuke. Mama Hilda alielezwa yote hayo wakati wa chakula. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo.

"Nendeni salama," akasema. "Dishi linabaki."

Verlin alimbembeleza wiki nzima. Alimwambia kwamba Darlene atamletea filamu kwenye sidii, na mama yake akamuuliza kama Zeliha yumo kwenye hizo sidii. Arlys alivumilia, akavumilia, mpaka siku moja akiwa anakaanga viazi uvumilivu ukamwishia. Akageuka na mwiko mkononi.

"Basi twende naye," akasema.

Alisema kwa hasira, kama mtu anayetupa kitu. Hakutegemea kitu hicho kidakwe. Mama Hilda, ambaye hakuwa amevuka mpaka wa Nebraska tangu alipozikwa mumewe, alimgeukia mkwewe.

"Huko mnakokwenda anga lipo?" akauliza.

"Lipo tele, Mama. Hakuna kingine."

"Mimi nakaa mbele."

Hivyo ndivyo Arlys alivyojikuta amekaa kiti cha nyuma katika safari aliyoiota nusu ya maisha yake, akitazama kisogo cha mama mkwe kikitikisika kusini mwa Kansas. Dishi lilisafiri ndani ya kapu la nguo, limefungwa kwa blanketi. Kazi ya kulisimamisha kila walipotua ikamwangukia yeye, kwa kuwa Verlin mgongo ulikuwa unamsumbua. Alilitoa, akalisimamisha chini kwenye miguu yake ya chuma, akavuta waya hadi dirishani, na Mama Hilda akawa anamwamrisha kwa kidole kutoka ndani: kushoto, hapana, kushoto kwako wewe.

Alhamisi ya kwanza barabarani iliwakuta New Mexico. Arlys alichagua kambi nzuri kando ya mto, chini ya miti ya mipopla iliyobaki na majani ya njano. Alikuwa ameshatandika kitambaa cha meza nje aliposikia Mama Hilda akigonga dirisha kwa fimbo. Ndani, Zeliha alikuwa ameganda mlangoni kwa mrithi, mkono juu, na kile kiduara cha kungoja intaneti kikizunguka usoni pake. Matawi yalikuwa yameziba anga. Walingoja. Zeliha alibisha hodi mara moja, akaganda tena.

Iliwabidi wahame. Sehemu pekee ya wazi katika kambi ile ilikuwa karibu na mapipa ya taka, na huko ndiko Arlys alikokula chakula chake, amenuna, akiipa televisheni mgongo. Lakini gari, pamoja na urefu wake, ni chumba kimoja, na masikio hayana mlango. Mlango wa mrithi ulipofunguliwa na sauti ya mwanamke mwingine ikasikika, Arlys alijikuta amegeuka.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Nyamaza uone," akasema Mama Hilda, lakini akasogea kwenye kochi akamwachia nafasi.

Walifika Arizona jangwa likiwa limeshajaa wastaafu. Mamia ya magari-nyumba na trela yalikuwa yametapakaa kwenye changarawe, kila moja na kiti chake cha kukunja mbele na mbwa wake mdogo. Mti wa maana haukuwepo. Ni mipungate mirefu tu ya miiba iliyosimama mbalimbali, na juu yake anga tupu la buluu. Dishi lilikamata mara moja. Mama Hilda alilitazama anga lile kupitia kioo cha mbele na kutamka sifa kubwa kabisa ambayo Arlys amewahi kuisikia kinywani mwake: alisema linafaa.

Kwa sababu ndani kulikuwa na joto, Verlin alitoa televisheni nje, akaiweka chini ya turubai la pembeni. Jirani wa kwanza kuvutiwa alikuwa Ruben Archuleta, mgane wa Pueblo, Colorado, aliyestaafu kazi ya reli na kuishi peke yake katika trela ndogo ya rangi ya fedha, iliyofungwa pazia muda wote. Alipita akisalimia, akauliza mnatazama nini, akasema kwake hana intaneti, akakaribishwa kiti. Macho yake hayakusoma vizuri kwa mbali, hivyo Mama Hilda akaanza kumsomea yale maandishi kwa sauti. Wiki iliyofuata walikuja wanawake wawili kutoka Iowa, kisha jamaa mwenye mbwa watatu, mpaka ikawa kila Alhamisi alasiri uwanja wote mbele ya gari umejaa viti.

Arlys hakuyaamini masikio yake. Huyu mama wa maneno ya chumvi alikuwa akiwasomea watu thelathini, kila mhusika kwa sauti yake. Mrithi alimpa sauti nzito ya mchungaji wa kanisa lao. Mama wa mrithi, mwanamke mwenye fitina, alimpa sauti ambayo Arlys aliitambua baadaye kuwa ni ya dada yake Mama Hilda mwenyewe. Watu walicheka mpaka wakasahau kutafuna. Arlys alioka mikate ya mdalasini na kupika chungu cha maharage na nyama ya pilipili, kama wanavyokula kwao, na Ruben alileta tamale, maandazi ya unga wa mahindi yenye nyama ndani, alizozikunja mwenyewe kwenye maganda ya mahindi. Mama Hilda alikula tatu bila kuuliza chumvi.

Kisha ikaja Alhamisi ya sehemu ya mwisho, na ikaja na upepo. Ulianza asubuhi na kufika saa sita ukaota meno. Uling'oa turubai, ukapeperusha viti, na mbele ya macho ya Arlys ukaliinua dishi, ukalibamiza kwenye jiwe. Alipolifikia lilikuwa limepasuka katikati na waya umechomoka na mizizi yake.

Mama Hilda hakulalamika. Alisema ni tamthilia tu, akavua miwani yote miwili, akaenda kulala akiwa ametazama ukuta. Arlys angemwelewa kama angegomba. Ukimya ule ndio uliomtoa nje. Alijifunga skafu kichwani, akaanza kuzunguka kambini akigonga mlango mmoja baada ya mwingine, huku mchanga ukimchapa usoni. Wengine dishi hawakuwa nalo, wengine walikuwa wamesafiri, na yule wa mbwa watatu la kwake lilikuwa limeangushwa na mbwa.

Akarudi amekata tamaa, na njiani upepo ukamsukuma hadi kwenye trela ya Ruben. Akainua macho. Juu ya paa, limefungwa kwa bolti nne, limelala kimya, palikuwa na kitu bapa alichokuwa amekiona miezi yote akidhani ni paneli ya sola. Akagonga. Ruben alifungua mlango kidogo, akayafuata macho yake kwenda juu, akashuka ngazi taratibu kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Lina muda gani hapo?" Arlys akauliza.

"Tangu mke wangu Dolores alipokuwa hai," akasema Ruben. "Yeye ndiye aliyekuwa mpenzi wa tamthilia. Nikitazama peke yangu, Arlys, hainogi."

Akaongeza kwa aibu kwamba hawezi kumkaribisha mtu ndani, kumekuwa hivi na hivi tangu abaki mwenyewe. Arlys alimwambia amewahi kuoga kwenye ndoo ya ng'ombe, asimtishe na vyombo vichafu. Akaingia, akakunja mikono, na Verlin akaja na ndoo, na wale wanawake wa Iowa wakaja na mifagio bila kuitwa. Kufikia alasiri kochi la Dolores lilionekana tena, na Mama Hilda akaletwa akiwa ameshikwa huku na huku, skafu ikipepea. Alipoambiwa habari ya dishi la Ruben hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua zamani," akasema. "Huyu kijana hutoa leso kabla mtu hajafa. Siku baba yake Zeliha alipokufa, alianza kulia mzee akiwa bado anakunywa chai."

Ruben, kijana wa miaka sabini na nne, alikiri kwamba alikuwa akitazama kwake asubuhi, kisha akija kutazama kwao alasiri. Sehemu ya mwisho tu ndiyo alikuwa ameapa kuingojea pamoja nao. Waliweza kuingia watu kumi na wawili. Waliobaki walisimama nje upande uliokingwa, mchanga ukiwapita, vichwa vikiwa madirishani. Mama Hilda alivaa miwani. Katikati ya usomaji, mrithi alipoukumbuka wimbo ambao Zeliha alizoea kumwimbia akishona, akamwita kwa jina, Mama Hilda aliiacha ile sauti ya mchungaji, akavua miwani. Alimpa Arlys mkono wake bila kumtazama.

"Malizia wewe, mwanangu," akasema. "Mimi sioni vizuri."

Arlys akasoma. Hakuwahi kuitwa hivyo na mwanamke yule, na ilimchukua maneno mengi ya Zeliha kabla sauti yake mwenyewe haijatulia. Walioana, Zeliha na mrithi, katika ua wenye zulia, na kambi nzima ikapiga makofi kana kwamba bibi harusi anawasikia.

Walirejea Nebraska majani yakiwa yameanza kuchomoza vilimani. Dishi jipya lilikuja, Verlin akalifunga juu ya banda la trekta, na Mama Hilda akachagua tamthilia nyingine, ya mapacha waliopotezana sokoni. Kila Alhamisi Ruben hupiga simu kutoka Pueblo, simu huwekwa mezani ikiwa wazi, na wote huwasha kwa pamoja Mama Hilda akihesabu. Hata hivyo picha ya Ruben hutangulia kidogo, na huguna kabla ya wakati.

"Funga mdomo, kijana," Mama Hilda humwambia, kisha hugeuka kuelekea jikoni. "Arlys, njoo. Wanaanza."

Arlys huwa ameshazima mashine ya kufulia na anakuja, akifuta mikono.