Kihispania cha Kamba Mbili

Kwetu Mugango, mwaka tisini na mbili, Kihispania tulijifunza tukivuta kokoro. Kokoro ni wavu mrefu wa kukokota. Lina kamba mbili, na kila kamba ina watu wake. Dafroza, aliyempikiaga sista Mhispania kule Nyegina, alisimama katikati na kisu chake cha kupaa samaki, akapaza neno, na kila kamba ikajibu maana yake:

"Cola!"

"Mkia!" tukajibu sisi wa kushoto.

"Foleni!" wakajibu wa kulia.

Foleni! Hapo nilivuta kwa hasira. Mwaka themanini na tatu nilipangaga foleni ya sabuni Musoma mjini tangu alfajiri, na ndugu wa muuzaji wakipitia mlango wa nyuma. Sasa wanatuambia biashara huria. Huria ya nani? Machage, wakala wa kiwanda cha Mhispania, anawachukuaga sangara wetu kwa kuwakadiria tu kwa macho. Mizani kaifungia ofisini mjini. Tukiomba iletwe ufukweni, anajibu, "Mhispania hataki."

Haya. Mhispania akija, tutamwuliza wenyewe.

"Banco!"

"Benki!"

"Benchi!"

"Na kundi la samaki!" Dafroza akaongeza.

"Sasa Dafroza, hiyo ya tatu aijibu nani?" akalalamika mzee Masatu, kiongozi wa kamba ya kulia. "Hawa watu maneno yaliwaishia?"

"Na paa yako wewe je? Paa la nyumba, paa wa porini, paa samaki, paa angani. Vuta!"

Tulicheka hadi kamba ikalegea.

Machage akasikia habari za masomo yetu. Wiki hiyohiyo akampa Dafroza kazi ofisini kwake Musoma. Dafroza akatutazama.

"Nenda, mwanangu," Masatu akamwambia. "Kale mshahara wake. Amenunua mdomo mmoja tu."

Mhispania alifika na Machage wakati kokoro linakaribia nchi kavu, mikia ikichapa maji.

"¡Qué grandes!" mgeni akashangaa.

"Anasema wadogo mno," Machage akatafsiri.

Wadogo! Kasema wakubwa! Nikapaza, "Grandes!"

"¡Muy grandes!" kamba ya kulia ikaitikia.

Mgeni akageuka, mdomo wazi.

"¡Queremos balanza!" Tunataka mizani.

"¡Aquí!" Hapahapa.

"¡Balanza!"

"¡Aquí!"

Akina mama wakagonga visu kwenye mabeseni. Mgeni akamwuliza Machage kama kweli hatuna mizani. Machage akatikisa kichwa: "No entienden," yaani hatuelewi tunachosema.

"¡Entendemos!" Masatu akamkatisha. Tunaelewa!

Mgeni akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akatuma gari mjini. Sisi tukashikilia kamba, sangara wakiwa bado majini. Hakutoka samaki hata mmoja.

Gari likarudi. Nyuma yake mizani, na juu ya mizani, Dafroza, akipunga khanga! Ufukwe ukalipuka kwa vigelegele. Tukaishusha, tukalimalizia kokoro, tukajipanga, kila mtu na samaki wake.

Machage akataka kupita mbele asome yeye.

"Foleni, bwana!" tukamwambia, safari hii kwa Kiswahili.