Saa Tatu za Kunywa Chai

Tangu mama yao afariki na kaka mkubwa ateuliwe kuwa msimamizi wa mirathi, ndugu walimwita Bwana Mkubwa, naye kwa majivuno yake akadhani wanamsifu. Hakwenda popote bila wakili. Hata siku mdogo wake, fundi cherehani, alipouliza kodi ya vyumba vya uani mwa nyumba ya mama inaingia mfuko gani, alimleta wakili sebuleni kwa mbwembwe kama mtu aliyekuja kuposa.

Fundi akawapikia chai. Wakili alikunywa vikombe vitatu na kutamka neno moja: "Subirini."

Sasa walikuwa mbele ya hakimu. Bwana Mkubwa aliomba ruhusa ya kuuza nyumba ya mama ili amlipe wakili. Humo ndimo fundi alimokuwa akilala na kushonea. Alfajiri alikuwa amepiga magoti akamwomba Mungu ampe maneno machache tu, asije akatukana watu.

Akapewa ankara ya wakili aisome. Alipofika mstari wa saba, akasahau ombi lake.

"'Kikao cha familia, muda wa saa tatu.' Kaka! Chai nipike mimi, sukari iwe yangu, halafu hata saa za kuinywa nizilipie mimi?"

"Gharama za msimamizi zinatoka kwenye mirathi," Bwana Mkubwa akajibu kama aliyekariri. "Ndiyo sheria, mdogo wangu. Usiparamie usiyoyajua."

"Ndiyo sheria," hakimu akakubali, na kaka mtu akavimba kama chura. "Barua za benki na kuhamisha hati, mirathi italipa. Hiki kikao kilihusu nini?"

"Walikuwa wananisumbua na hesabu ya kodi. Nikamleta anikinge."

"Na kodi yenyewe iko wapi?"

Bwana Mkubwa akatazama viatu vyake vipya. Ukumbi mzima nao ukavitazama.

"Wakili wa kukukinga na ndugu zako mlipe mwenyewe," hakimu akasema. "Kodi irudi ndani ya siku thelathini. Nyumba haiuzwi."

Fundi akainamisha kichwa kumshukuru Mungu, ila mabega yalimtikisika kwa kicheko.

Mlangoni Bwana Mkubwa akamng'ang'ania wakili mkono. "Sasa tufanyeje?"

Wakili akaitazama saa yake. "Unaniuliza kama rafiki, mzee, au nianze kuhesabu?"