Pikipiki Nne, Nzima Moja

Pikipiki yangu ilikuwa na umri wa wiki tatu, na kiti chake bado kilikuwa na nailoni ya dukani. Mama ndiye aliyekataza isitolewe. "Ukiitoa tu, imeshakuwa kuukuu," alisema, na kwa kuwa aliuza cherehani yake ya pili ili mimi niipate, sikuwa na ubavu wa kubishana. Kwenye jua kali nailoni ile ilinishika makalio kama plasta, na nikiinuka ilitoa sauti ambayo siwezi kuiandika mbele ya wakubwa. Kijiweni wakanibandika jina: Shorumu.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, cheti cha sekondari ndani ya bahasha, na kitanda kwa mama ambacho kila mwaka kilizidi kuwa kifupi. Sasa kampuni moja ya kusambaza dawa ilikuwa inatafuta dereva mmoja, mmoja tu, wa kupeleka maboksi kwenye zahanati. Sharti: uje na pikipiki yako, ikaguliwe saa sita kamili mchana, kila kitu kifanye kazi, kuanzia honi hadi taa ya breki. Kikipungua kimoja, unarudi ulikotoka. Ghala lao lilikuwa mji mwingine, kilomita mia moja na themanini.

"Huendi peke yako," alisema Mjomba.

Mjomba ni kaka yake mama, na ndiye mwenyekiti wa kijiwe chetu cha pikipiki. Yake ni ya kampuni ileile iliyotengeneza yangu, tofauti ni kwamba yake ilianza kazi mimi nikiwa bado nalia nikinyimwa maziwa. "Tutakusindikiza. Na sheria yetu unaijua."

Naijua. Ni maneno mawili: haachwi mtu. Mmoja akikwama, wote wanasimama. Nilijaribu kumweleza kwamba mwenye pikipiki ya wiki tatu hana haja ya kusindikizwa na pikipiki zinazosubiri barua ya kustaafu. Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto anayekimbia chanjo.

Tukaondoka alfajiri, wanne. Mbele Mjomba. Nyuma yake Mwalimu, anayefundisha kemia na ambaye hawezi kukaza nati bila kukueleza kwa nini chuma hutanuka. Kisha Kiraka, dada wa kuziba pancha, mikono kama koleo, mdomo kama honi ya lori. Mimi nikawekwa nyuma kabisa, eti nisije nikawakimbia wazee.

Kilomita ya thelathini na mbili, pikipiki ya Mjomba ikakohoa mara tatu, ikanyamaza.

Tukasimama wote. Mwalimu akafunga koki ya petroli kwanza, kwa usalama, kama anavyofanya kila mara. Kiraka akachomoa plagi, akaipuliza, akaiinua kwenye mwanga. "Mjomba, hii si plagi. Hii ni kumbukumbu ya plagi. Una nyingine?"

"Ninayo," alisema Mjomba. Akageuka akaitazama pikipiki yangu.

Hapo ndipo nilipojifunza utaratibu ambao hakuna aliyekuwa amenieleza. Wao wanauita kuchangia damu. Pikipiki iliyokwama hupewa kifaa kutoka kwa yenye afya kuliko zote, na yenye afya hupokea kile kibovu, kwa sababu ina nguvu ya kukivumilia. Ni mpango mzuri sana, ilimradi wewe usiwe mwenye afya.

"Injini yako bado changa," Mwalimu alifafanua huku akinifungia plagi ya Mjomba. "Hata cheche dhaifu itawaka humu. Ni sayansi tu."

"Na sayansi ikikataa, Mwalimu?"

"Sayansi haijawahi kukataa, Shorumu. Wanaokataa ni wanafunzi."

Ikawaka kweli, lakini kwa kuguna, kama mzee aliyeamshwa kwenye usingizi wa mchana. Kilomita ya sabini na moja, waya wa klachi wa Mwalimu ukabaki na nyuzi mbili. Ukahamia kwangu. "Wewe una mkono laini, hujazoea kubana kwa nguvu," alisema, kana kwamba ananisifu. Kilomita ya mia moja na nne, Kiraka akapata pancha.

"Mziba pancha kapata pancha!" Nilicheka hadi nikashika mti. Nilicheka peke yangu.

"Cheka, mdogo wangu, cheka," alisema Kiraka, "ila ucheke huku unavua gurudumu lako." Aliiziba tyubu yake, ikawa na kiraka cha kumi na mbili. Ila yeye alikuwa amebeba sanduku la spana na pampu, na mimi, kwa maelezo yake, nina uzito wa spoki. Tyubu yangu ikaenda kwake, ya viraka kumi na mbili ikaja kwangu. Nilipodhani tumemaliza, Mjomba akachukua na kioo changu cha pembeni. Chake kilidondoka zamani.

"Kiongozi lazima aone nyuma."

"Nyuma nipo mimi, mjomba."

"Ndiyo. Nataka nikuone."

Saa tano na dakika ishirini na tano tukaingia kwenye kituo cha mafuta kilichotazamana na geti la kampuni. Nikaizunguka pikipiki yangu polepole. Gurudumu la mbele lilikuwa linapumua kwa sauti. Klachi ilikuwa imebakiwa na uzi mmoja. Kioo cha kulia hakuna. Ukiondoa rangi, kitu pekee kilichokuwa changu ni nailoni.

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Kwa kawaida huwa kinakuja chenyewe. Badala yake nikasema, "Mjomba, hii haipiti," na nikaikumbuka ile cherehani, na pale mezani ilipokuwa ikikaa, ambapo sasa mama ameweka chupa ya chai ili pasionekane patupu.

Mjomba akatazama saa yake, akavua koti.

"Rudisheni damu," alisema.

Sijawahi kuona watu wazima wakichakarika vile. Mwalimu alifunga koki, akachomoa waya bila kueleza chochote, na hapo nikajua mambo ni mazito. Kiraka alivua magurudumu mawili kwa muda ambao mimi huvua soksi. Dakika ya ishirini na tatu pikipiki yangu ilikuwa na kila kilicho chake, imepanguswa kwa shati la ndani la Mjomba. Tatizo ni kwamba damu mbovu haikurudi kwa wenyewe. Plagi ya Mjomba ilianguka sakafuni ikapasuka. Uzi wa mwisho wa klachi ya Mwalimu ulikatika mkononi mwake. Tyubu ya Kiraka ilichanwa na spana kwa haraka zake mwenyewe, pakubwa, mahali ambapo hata yeye alikubali kwamba kiraka cha kumi na tatu ni dharau.

Kwa hiyo saa sita kasoro dakika mbili tulikuwa na pikipiki nne, nzima moja.

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye kola, kalamu sikioni. Akapiga honi. Akawasha indiketa. Akaiwasha injini, akaisikiliza ameinamisha kichwa, akaizima. Akapapasa nailoni ya kiti, na nadhani nusura atabasamu.

"Umetoka nayo mbali?"

"Kilomita mia moja na themanini, mzee."

"Haikukwama?"

"Hata mara moja."

Huo ulikuwa ukweli mtupu, nao ndio uliosikika kama uongo kuliko yote niliyowahi kusema. Akashusha macho kwenye mikono yangu, myeusi hadi viwikoni.

"Na hii?"

"Nimeshikana mikono na watu njiani."

Aliandika kitu. Kisha akanieleza, bila kubadilisha sauti, kwamba lipo boksi la zahanati iliyo kilomita arobaini na tano, kwenye barabara hiyohiyo niliyojia. Lifike kabla ya saa tisa, nirudi na karatasi iliyosainiwa kabla ya saa kumi na moja, na koti la kampuni litakuwa langu. Nikichelewa, yupo mwingine kwenye benchi. Nikachungulia. Kweli alikuwepo, amepakata helmeti kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi.

Nikatoka getini saa saba. Ng'ambo ya barabara watatu wangu walikuwa wanapandisha pikipiki zao mfu kwenye lori la kreti tupu linaloelekea kwetu. Nilipunguza mwendo. Sheria ni haachwi mtu, na mimi nilikuwa nawaacha watatu kwa mpigo.

"Usisimame, mpumbavu wewe!" Mjomba alifoka, mikono yote imeshika gurudumu. "Nenda!" Kiraka akapiga kofi bodi la lori, Mwalimu akanipungia spana. Nikaenda, kifua mbele, nailoni ikiimba.

Kilomita mbili nilizokwenda zilikuwa nzuri sana. Kisha injini ikalegea, ikalegea tena, ikazima.

Nilipiga kiki hadi goti likaniomba huruma. Nikachomoa plagi, nikaipuliza, nikaiinua kwenye mwanga kama nilivyoona inafanywa. Sikujua natakiwa kuona nini. Waendesha pikipiki watatu walipita, kila mmoja akanipigia honi ya pole, wakaondoka na pole zao. Ndipo ikaniingia akilini kwamba duniani kote kuna watu watatu tu ambao wangesimama kwa ajili yangu, na wote watatu hawawezi kutembea kwa sababu vifaa vizima ninavyo mimi.

Saa saba na dakika thelathini na tano, lori la kreti likatokea kwenye kona. Juu kabisa alikaa Mjomba, amelikumbatia gurudumu lake.

"Simamisha!" alimpigia dereva kelele. "Haachwi mtu!"

Kiraka aliruka chini kabla lori halijasimama. Hakugusa plagi wala waya. Aliinama, akageuza kitu kidogo chini ya tangi kwa vidole viwili.

"Hii inaitwa koki," aliniambia. "Ikifungwa, petroli haiji. Sekondari hamkufika huko?"

Macho yote yakamgeukia Mwalimu. Mwalimu akayageuza yake kwenye kreti, kama anayezihesabu. "Ni kanuni ya usalama," alisema mwishowe.

"Kanuni ya kufunga tu?" aliuliza Kiraka. "Ya kufungua inafundishwa muhula ujao?"

Nilifika zahanati saa tisa kasoro dakika kumi na mbili. Nesi akasaini bila hata kunitazama, nikaikunja karatasi ile mara nne, nikaiweka mfuko wa ndani karibu na moyo, nikageuza. Sasa muda ulikuwa tele. Nilianza hata kupanga jinsi nitakavyoingia kwa mama nimevaa koti, nijifanye nimelisahau mabegani.

Kilomita sita tu baadaye, nikaliona lori la kreti limeegeshwa upande ule mwingine, boneti juu. Miguu ya dereva ilikuwa inachomoza chini yake. Miguu ya Kiraka pia. Mwalimu alikuwa amechuchumaa anaieleza miguu hiyo jambo fulani kuhusu dizeli. Na Mjomba alikuwa amesimama katikati ya barabara akiitazama pikipiki yangu inavyokuja, kwa jicho ambalo sasa nalifahamu vizuri.

Ningeweza kupita. Kwa haki kabisa. Karatasi ninayo, saa inakwenda, na walishaniambia nisisimame. Agizo hilo halikuwa limefutwa.

Nikasimama.

"Mpira wa dizeli umepasuka," alisema Mjomba. "Kipande tu, mwanangu. Urefu wa kidole. Mpira wako wa petroli una ziada."

"Itachukua dakika ngapi, mjomba?"

"Tano."

Dakika tano za Mjomba nimekua nazo, nazijua. Kiraka akatoka chini ya lori, uso mweusi, meno meupe. "Kukata si shida. Shida ni kufunga. Waya wa kufungia niliumaliza kule kituoni nikikutengenezea wewe. Tunataka kitu cha kuvutika, kinachobana."

Hakuna hata aliyekitazama kiti changu. Walikuwa wanatazama pembeni kwa adabu kubwa, hata dereva, ambaye hakuwa na habari. Basi nikashika pembe ya nailoni mwenyewe, nikavuta. Ilichanika kwa sauti ndefu. Chini yake kiti kilikuwa cheusi, cha kawaida, kama kiti cha mtu yeyote.

"Imeshakuwa kuukuu," nilisema.

"Hapo sasa," alisema Mjomba.

Dakika tano zilikuwa arobaini na nane, na mpira wangu uliobaki nikaufunga mwenyewe kwa nailoni. Niliingia getini saa kumi na moja kasoro dakika tatu. Yule wa benchi alikuwa ameshavaa helmeti. Mkaguzi akachukua karatasi, akaizunguka pikipiki, akasimama kwenye mpira wa petroli uliofupishwa na kufungwa fundo la nailoni. Akalibonyeza kwa kidole, akanusa kidole. Hakuna harufu.

"Nani kafunga hili?"

"Mimi, mzee."

"Ulikwama?"

Nikamfikiria Kiraka na vidole vyake viwili. "Mara moja," nilisema. "Koki."

Aliitoa kalamu sikioni, akaandika kwa muda mrefu kuliko mchana. Kisha akaninyooshea koti. Lilikuwa kubwa, la mtu wa kabla yangu, na kwenye kiwiko lilikuwa na kiraka.